Wabongo mlioko miji midogo ya Massachusetts, karani wa mji mnamjua au mnasubiri yawakute kama mimi?

Mpangani_Original

Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo huu, mwenye haraka apite kushoto.

Niko Massachusetts, kamji kadogo hata nikikataja hamtakajua, nyumba za mbao, kanisa jeupe, duka moja la kahawa na jengo moja la matofali ndo town hall, yaani ofisi za mji. Mwaka wa sita sasa nipo hapa. Miaka mitano yote ya mwanzo humo ndani sijawahi kukanyaga, kichwani kwangu serikali ya Marekani ni watu wa uhamiaji na watu wa kodi basi, wengine wote siwadai hawanidai. Siku nimeingia niliingia mbio natoka jasho na nje kuna barafu.

Ilikuwa hivi. Naoa. Shehe yupo, ukumbi umelipiwa, ndugu wameshakata tiketi kutoka Minnesota na Texas, biriani imeagizwa, harusi Jumamosi. Jumatano natoka kazini bibie ananiuliza hivi ile leseni ya ndoa umeshaifuatilia? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni karatasi tu, Ijumaa tunapita tunaichukua. Akanitazama. Nyie mnalijua lile jicho. Tukageuza gari kwenda town hall, bahati yetu Jumatano ndo siku pekee wanakaa hadi saa moja usiku.

Dirishani kwa karani wa mji tukamkuta mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, anatafuna karoti. Nikamweleza shida. Hakubisha wala hakukunja sura, akavuta kalenda ya mezani akaanza kugusa kwa kidole: leo haihesabiwi, Alhamisi moja, Ijumaa mbili, Jumamosi tatu. Kisha akasema kwa upole, "na Jumamosi sifungui."

Wakuu nilihisi miguu sio yangu. Kumbe sheria ya hapa mnakwenda wote wawili mnatoa nia ya kuoana, mnaapa, halafu mnasubiri siku tatu ndo leseni itoke. Jumapili na sikukuu zinahesabika ila ile siku mliyoenda haihesabiki. Sisi tulichelewa siku moja tu, tungeenda Jumanne Ijumaa asubuhi tunayo mkononi.

Anayeweza kufuta zile siku tatu ni hakimu peke yake. Yule mama akatujazia fomu zetu usiku ule ule, akatuandikia kwenye kikaratasi cha gundi mahakama ipi, mlango upi na tuwahi saa ngapi. Alhamisi sikwenda kazini, tukalipa ada ambayo si ya kucheka, hakimu akatuuliza maswali mawili akasaini. Tukarudi kwa karani na ile karatasi, akaichapa leseni, akaiweka kwenye kile chuma cha muhuri akakibana kwa mikono miwili. Muhuri wenyewe hauna wino, ukipitisha kidole unasikia duara limevimba kwenye karatasi. Nikalishika shika lile duara njia nzima mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo namwita Serikali. Ndo nauliza, nyie wengine mnajua huyu mtu anafanya nini? Maana mimi nimeanza kumchunguza na kila nikichimba nakuta tena yeye.

---

NipoNipoTu

Natia nanga hapa

---

Msee_wa_Githurai

Haha buda umenimaliza na hiyo "sifungui". Lakini ngoja, town clerk sisi Kenya tulikuwa naye na hakuwa mama wa karoti! Kabla ya 2013 kaunti ziingie, town clerk ndiye alikuwa boss mkubwa wa kanso. Meya anavaa mkufu anapiga picha, town clerk ndiye anasaini cheque na ndiye anaajiri askari wa kanjo wanaokimbiza mama mboga. Mtu akisema ameitwa na town clerk jua kuna kitu kitabomolewa. Sasa wewe unaniambia kwa Wamarekani ni cucu wa dirishani anauza leseni?

---

Mpangani_Original

Mkuu cheo jina moja kazi mbili tofauti. Yule wenu wa enzi hizo ni kama kwetu Mkurugenzi wa Mji, mtendaji mkuu wa halmashauri. Huku New England (haya majimbo ya kaskazini mashariki) bosi wa shughuli za kila siku ni mtu mwingine, meneja wa mji, na juu yake kuna bodi iliyochaguliwa. Karani yeye ni mtunza kumbukumbu, na kumbukumbu ndo kila kitu ukitulia ukafikiri. Nani kazaliwa, nani kafa, nani kaoa, nani anaruhusiwa kupiga kura, mkutano uliamua nini. Sehemu nyingi anachaguliwa kwa kura, sehemu nyingine anaajiriwa. Massachusetts ina miji 351 mikubwa kwa midogo, na kila mmoja una karani wake.

Na usimwone mama wa karoti. Hata aliyeshinda uchaguzi wa mji haanzi kazi mpaka akaape mbele ya karani.

---

Mama_Sambusa

Aisee kumbe tupo wengi. Mimi nilimjua kupitia biashara. Nilikuwa nauza keki na vitumbua kwa watu wa hapa hapa mtaani, nikaenda benki kufungua akaunti kwa jina la biashara, benki wakaniambia bila cheti cha biashara kutoka kwa karani wa mji wako hatufungui. Nikaenda, fomu ukurasa mmoja, unasaini mbele yake, ada yangu haikufika dola 50 (kila mji na bei yake), unakaa nacho miaka 4 halafu unahuisha.

Ila dada zangu sikilizeni vizuri hapa maana mimi niliingia mkenge. Kile cheti SIO kibali cha kupika. Kile kinasema tu kwamba hili jina nyuma yake yupo fulani anakaa mahali fulani, ili mteja akikudai ajue pa kukupata. Hata jina hakilindi, mwingine anaweza kulitumia. Chakula ni bodi ya afya ya mji, ofisi nyingine kabisa japo kwetu ni mlango wa tatu koridoo hiyo hiyo. Na wao wakaniambia jiko la nyumbani naruhusiwa keki, biskuti, mikate, vitu visivyoharibika nje ya friji. Sambusa za nyama hapana, mpaka nikodi jiko la biashara. Nimeshajiita Mama Sambusa mji mzima nauza keki 😂😂

---

Mpangani_Original

😂😂 Na jina liko kwenye cheti miaka minne

---

Mtendaji_Mstaafu

Vijana nawasoma tu hapa nacheka. Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, sasa nipo kwa binti yangu huku namlea mjukuu. Mnavyomshangaa huyo mama utadhani kwetu hakuna mtu wa namna hiyo.

Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, muhtasari anaandika yeye, rejista ya wakazi kwake, barua ya utambulisho kwake. Ndiye mlinzi wa amani pia, ng'ombe wakiingia shamba la mtu usiku anayegongewa mlango ni yeye, sasa huyo wenu saa kumi jioni keshafunga. Mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu asome mapato na matumizi, na wananchi wa kwetu mnawajua, utasoma umenunua bati 40 mtu anasimama anasema mimi nimehesabu juu ya paa ziko 36.

Na ardhi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kijiji kinatakiwa kiwe na masjala yake ya ardhi, hati za kimila zinaandaliwa hapo na kutunzwa hapo. Yangu ilikuwa chumba kimoja, mlango wa chuma, kabati la chuma, na paka. Paka nilimwombea mwenyewe kwenye kikao, panya walikuwa wanatafuna mafaili. Kwa hiyo huyo mama mwenye muhuri wa chuma mimi namwelewa kabisa, tukikaa naye nusu saa tutaelewana hata bila Kiingereza.

---

Mpangani_Original

Mzee shikamoo. Umenikumbusha kitu, ardhi ndo imenichanganya sana huku. Massachusetts hati za ardhi haziko kwa karani, ziko kwenye ofisi ya wilaya ya usajili wa hati. Lakini shemeji yangu yuko Vermont, huko hati ya kila shamba na kila nyumba anaitunza karani wa mji, ndani ya chumba cha zege kina mlango mnene kama wa benki. Mwanasheria akitaka kujua nyumba unayotaka kununua ilitoka kwa nani kwenda kwa nani, anakwenda pale anakaa anafungua mabuku. Masjala yako kabisa mzee, labda tu paka hawana.

---

Mtendaji_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Watakuwa naye, wamemficha tu.

---

Papa_Lubum

Bandugu jambo. Miye niko Maine, ka muji kaloko pembeni ya Lewiston. Kwetu Lubumbashi mambo ya acte de naissance, cheti ya kuzaliwa, ni ku komini, kila kitu na biro yake na shef yake. Huku balinishangaza, kwa yule mama wa taun ofisi nilienda kulipa taxe ya motokari, pale pale akaniandikia motokari, pale pale jirani yangu alikuwa anakamata permi ya kuvua samaki, na mwingine ya kuwinda. Dirisha moja! Nikamwuliza, mama, weye uko gavana? Akacheka sana. Sasa kila mwaka nikifika anasema "governor is here" kwa Kiingereza chake, jina langu lilipotea.

---

Mpangani_Original

Papa Lubum hiyo ya gari ni Maine, kwetu Massachusetts usiende kwa karani na gari utarudishwa, gari ni RMV, ofisi ya jimbo ya magari. Ndo maana nasema usichukue ushauri wa mtu wa jimbo lingine ukauamini mzimamzima. Mjomba wangu aliyekuja miaka ya 90 alitung'ang'aniza twende kwanza kupima damu ndo tupewe leseni ya ndoa. Sharti la damu hapa liliondolewa 2005! Tungepoteza siku nyingine.

---

Bint_Kijoti

Naomba kuuliza kitu, nimetumiwa fomu na mji mwezi wa kwanza, inataka majina ya wote wanaoishi ndani ya nyumba, umri, kazi, uraia, mpaka idadi ya MBWA. Mume wangu kaitupa anasema ni mtego wa uhamiaji, mimi nina green card yeye bado. Tumefanya kosa?

---

Wakili_Kiaina

Dada Kijoti hapa ukae vizuri. Sio wakili kamili ila nafanya kazi ya kutafsiri mahakamani na haya mambo yanapita mbele yangu kila wiki.

Hiyo ni sensa ya mji. Kila mji Massachusetts unaandikisha kila mwaka watu wote kuanzia miaka 17, raia na asiye raia, nyumba kwa nyumba. Sio ya uhamiaji, na kwa wapigakura ndo inayowaweka hai kwenye daftari, raia asipoijibu jina lake linahamishiwa orodha ya wasioeleweka kama wapo. Nyie ambao sio raia faida yake ni ushahidi wa makazi, siku ukitakiwa kuthibitisha kwamba umeishi hapa tangu mwaka fulani karani anafungua kitabu anakuandikia barua. Mwambie mumeo aniokotee hiyo fomu huko alikoitupa. Mkiwa na wasiwasi na hali yake yeye ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji, msiulizane mitandaoni.

Sasa mtego wa kweli mimi nautaja, na wengi wetu umewapata. Orodha ile ile ndo inatumika kuwaita watu kwenye baraza la mahakama, wale wazee kumi na wawili mnaowaona kwenye sinema. Kwa hiyo wewe usiye raia ITAKUJA barua ya kuitwa. Usiitupe, ni kosa kutojibu. Kuna sehemu ya kusema mimi sio raia, jaza hapo, rudisha, umemaliza. Usijaze kwamba wewe ni raia kwa sababu Kiingereza kilikuchanganya au uliona aibu.

Na kujiandikisha kupiga kura usiguse mpaka ile siku umeapishwa uraia. Mtu anapewa fomu mahali, anasaini kila anachopewa ili aondoke, miaka mitano baadaye anaomba uraia anaambiwa wewe uliwahi kujiandikisha kupiga kura, hiyo inaweza kukurudisha kwenu. Nimekaa chumbani na watu wazima wanalia kwa hilo. Ukishakuwa raia sawa, karibu, kwa karani hapo hapo unaandikishwa, mwisho siku 10 kabla ya uchaguzi.

---

Bint_Kijoti

Asante sana kaka. Fomu ilikuwa chini ya takataka za karatasi, ina doa la chai ila inasomeka. Mbwa hatuna, naandika sifuri au naacha?

---

Wakili_Kiaina

Sifuri.

---

Mpangani_Original

Hapo kwenye mbwa sasa ndo nilikuwa nakuja.

Baada ya harusi mke wangu akaleta mbwa. Mimi mtu wa Pangani, mbwa kwetu ni wa nje na hana makaratasi. Mwezi wa nne inakuja barua kwa jina langu, faini ya kuchelewa leseni ya mbwa. Nikasema hawa wananichezea. Nikaenda kwa Serikali, ananiambia bila kupepesa macho kila mbwa akifika miezi sita lazima aandikishwe kila mwaka, nilete cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, aliyehasiwa bei ni nafuu. Nikalipa. Akanipa kipande cha bati kina jina la mji, mwaka na namba.

Nikamuuliza walijuaje kama nina mbwa? Akanionyesha ile fomu ya sensa, mwandiko wa mke wangu: mbwa 1.

---

Mama_Sambusa

Umechomwa na wa nyumbani 😂😂😂

---

Msee_wa_Githurai

Manze mbwa ana ID na ameisha-pay tax kukuliko

---

Jicho_la_Tatu

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Mnasifia sana, mimi kwenye mji wangu wa zamani (siutaji) nilienda kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mwanangu nikakuta jina limeandikwa kinyume, jina la baba yangu limekuwa jina la kwanza la mtoto. Karani akasema ndivyo ilivyotoka hospitali. Miezi minne napigwa danadana, hati ya kiapo, lete pasipoti, lete cheti cha ndoa, cheti cha ndoa nacho kiko Kiswahili, katafsiri. Mwishowe kilirekebishwa lakini nilichoka. Tabasamu lipo, ila karatasi ikikosewa tabasamu halisaidii.

---

Mpangani_Original

Hapo mkuu huna uongo. Majina yetu matatu yanawapiga chenga, na wao kikishaandikwa kimeandikwa, kukifuta ni kesi. Ndo maana nasema someni KABLA hamjasaini, mwambieni awageuzie kioo cha kompyuta msome herufi kwa herufi. Ile fomu ya ndoa mfano ina sehemu inauliza utatumia jina gani la ukoo baada ya ndoa. Bibi harusi wetu wengi wanaandika la mume kwa kufurahi siku hiyo, halafu pasipoti ya kwetu ina jina la baba yake, mshahara jina la baba, shahada jina la baba. Fikirini nyumbani sio dirishani.

Pia wanauliza jina la ukoo la mama yako la kuzaliwa. Mama yangu ni binti Mwinyi fulani tangu azaliwe mpaka leo, hajawahi kuitwa jina la baba yangu. Tulizungushana na karani dakika kumi kumweleza kwamba hilo hilo ndo la zamani na ndo la sasa.

Na anayefungisha awe anatambulika. Shehe wetu wa hapa hapa anatambulika, lakini kama mnaleta shehe au padri kutoka jimbo lingine anatakiwa kupata idhini ya serikali ya jimbo kule Boston mapema. Leseni yenyewe inaisha siku 60 tangu mlipotoa nia, na baada ya harusi mfungishaji lazima aijaze airudishe kwa karani aliyeitoa. Isiporudi kuna ndoa ya biriani ila cheti hakuna.

---

Mtendaji_Mstaafu

Mkutano je? Huyo karani ana mkutano mkuu?

---

Mpangani_Original

Upo mzee, na ungependa. Angalau mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua mara nyingi, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, viti vya kukunja. Kwa mji mdogo kama wetu kila mpigakura aliyeandikishwa ni mbunge, anapewa kadi ya rangi mlangoni anainyanyua. Mimi uraia wangu bado, nilikaa pembeni kwenye viti vya wageni na mke wangu anapiga kura. Mwenyekiti anaongoza, karani yuko pembeni yake anaandika kila hoja, nani kaunga mkono, kura ngapi. Walibishana dakika arobaini juu ya gari la kuondoa theluji, wanunue jipya au watengeneze la zamani. Mzee mmoja akasimama akasema yeye mwenyewe ameingia chini ya lile gari akalikagua.

---

Mtendaji_Mstaafu

Bati 36.

---

Mpangani_Original

Hahaha ndo huyo huyo mzee! Na tangazo la vikao vya kamati, karani analipiga muhuri wa tarehe na saa, linatakiwa likae hadharani saa 48 kabla, Jumamosi na Jumapili na sikukuu hazimo kwenye hesabu. Kikao kisichotangazwa mtu anaweza kukishtaki.

---

NipoNipoTu

Nimesoma uzi wote. Mimi na mtu wangu tumepanga Jumamosi ya wiki ijayo, leo Ijumaa saa tano na nusu. Natoka kazini sasa hivi nimfuate, tutamkuta?

---

Mpangani_Original

Kwetu Ijumaa anafunga saa sita mchana, kwenu sijui. PIGA SIMU KWANZA ukiwa unatembea. Mkimkosa Jumatatu bado mpo salama. Na mwende wote wawili na pasipoti zenu, mmoja peke yake hapokelewi.

---

NipoNipoTu

Kapokea simu. Anasema anafunga sita ila atatungoja dakika kumi. Nipo kwenye lifti